Ni Kubonyeza Tu

Wiki iliyopita aliingia bwana mmoja studioni kwangu hapa Keroka, mvua imemlowesha hadi soksi, akauliza bei ya picha za harusi. Nikamwambia shilingi 30,000, pamoja na albamu na fremu moja kubwa. Akaitazama kamera iliyokuwa mezani. Akakitazama kidole changu cha shahada. Akairudia kamera.

"Elfu thelathini," akasema, kwa sauti ya mtu anayepokea habari za msiba. "Na ni kubonyeza tu!"

Kazi hii nimeifanya miaka 14, na maneno hayo matatu nimeyasikia kuliko jina langu. Mwalimu hakuna anayemwambia ni kushika chaki tu. Daktari hakuna anayemwambia ni kudunga tu. Lakini mpiga picha, kwa kuwa kidole kimoja ndicho kinachoonekana kikitoka jasho na mwili uliobaki umesimama, watu huona anakula bure.

Haya, tupige hesabu ya kubonyeza. Kamera yangu ni Canon EOS 6D, mitumba, niliyoinunua Nairobi kwa shilingi 80,000. Ndani yake mna kitu kinaitwa shata, kile kinachofunguka na kufunga kwa mlio ule mnaoupenda, na waliokitengeneza walikikadiria kistahimili mibonyezo 100,000. Mwenye kamera wa kwanza alikuwa amekwisha kula 20,000. Kwa hiyo nilinunua mibonyezo 80,000 kwa shilingi 80,000. Shilingi moja kwa kila mbonyezo! Sijawahi kuona hesabu iliyokaa sawa namna hiyo katika maisha yangu, na ilikaa sawa dhidi yangu.

Harusi ya kawaida ya huku kwetu nabonyeza mara 2,000. Yaani kabla sijalipa bodaboda, kabla sijamlipa msaidizi, kabla sijaonja wali, nimekwisha kutafunwa 2,000. Na wewe unayefumba macho kila flashi ikiwaka, ujue umenila shilingi. Katika picha ya watu 30 hakosekani mmoja aliyefumba. Nikirudia, anafumbua yeye, anafumba jirani yake. Kuna ukoo mmoja wa kule Manga ulinila shilingi 19 kwa picha moja, na mwishowe nikachukua ile ambayo aliyefumba ni mtoto, maana mtoto hasomi mkataba.

Keroka, kwa wasioijua, ni mji uliokalia kilima kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik, na mpaka wa kaunti za Kisii na Nyamira umepita hapa kama mshono wa suruali. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013 kaunti hizo mbili zimevutana juu ya nani akusanye ushuru wa mji huu. Mimi nina leseni moja, ya upande mmoja, na upande huo siutaji, maana kuta zina masikio. Lakini wateja wanaujua mpaka huo kunizidi. Wa Nyamira akija huniambia, "Hizi ni bei za Kisii mjini." Wa Kisii akija huniambia, "Kama ni bei hizi, si ningepigia Kisii mjini?"

Uchumi sikuusomea chuo. Niliusomea kwenye kamati za harusi. Mwaka jana niliitwa kikao cha kamati karibu na Kebirigo nikajieleze. Nilijilipia nauli, nikajilipia na soda. Mweka hazina alikuwa mwalimu mstaafu mwenye mwandiko wa kupendeza, ana daftari la mistari lililofunikwa kwa gazeti, akawa anasoma taratibu. Ng'ombe wawili, 110,000. Tenti na viti, 38,000. Keki, 25,000. Mapambo, 45,000. Mshereheshaji, 15,000. Mimi nikawa nachungulia chini ya ukurasa. Palikuwa na neno "Picha", na upande wa pesa, kwa mwandiko ule ule wa kupendeza, palikuwa pameandikwa "tutaona".

Mjumbe mmoja akasema mtoto wa shangazi yake ana simu yenye kamera tatu. Mwingine akauliza kama nikipewa chakula bei haiwezi kuteremka kidogo. Mwenyekiti akanigeukia kwa upole mwingi. "Kijana wetu, wewe si mtu wa nje. Tufanyie bei ya nyumbani."

Bei ya nyumbani ni ile ambayo mgeni angeona haya kuitamka.

Nilirudi usiku huo nikiwa nimebanwa kwenye Probox, mbele tuko wanne na dereva amekalia nusu ya makalio, begi la kamera mapajani nimelikumbatia kama kichanga, na nalo nikalipishwa nauli ya mtoto. Njia nzima nikawa nawaza: keki ilipataje 25,000 bila mtu kukohoa? Kufika Keroka nikawa nimepata jibu. Ng'ombe asipolipiwa hachinjwi. Tenti isipolipiwa haisimami. Keki isipolipiwa mwenye keki anabaki nayo dukani na harusi inaingia aibu mbele ya wakwe. Picha peke yake ndiyo inayotengenezwa siku ya harusi ikahitajika wiki tatu baadaye, na wiki tatu baadaye kamati imevunjwa kwa maombi, mwenyekiti amerudi Nairobi, na bwana harusi ameanza kununua unga wa pakiti. Mimi namuuzia mtu kumbukumbu ya siku aliyokuwa na pesa, siku ambayo hana.

Ndipo nikaanza kudai nusu ya pesa kabla. Wakaanza kuniletea 5,000 na ahadi.

Na msidhani nina siku saba za kuzitafuta hizo nusu. Mimi ni Msabato, kama majirani zangu wengi. Ijumaa jua likizama nazima kompyuta hata kama bibi harusi amebaki na jicho moja lisilohaririwa. Wasabato wenzangu hawafanyi harusi Jumamosi. Wakatoliki wanaipenda Jumamosi. Kwa hiyo Jumamosi Wakatoliki wanaoana, mimi niko kanisani naiombea biashara. Jumapili wenzangu wanaamka wote pamoja kuoana, napigiwa simu na harusi tatu saa ile ile, moja Nyansiongo, moja Suneka, moja ndani kabisa huko Nyamache, na kila moja inasema mimi ni kijana wao.

Siku yenyewe ikifika, kwanza kuna mvua. Mvua ya huku kwetu Gusii ina adabu ya kusubiri maharusi watoke kanisani, haina adabu nyingine. Ikifika saa nane mchana hivi, ndipo bibi harusi anapokumbuka alitaka kupigwa picha kwenye majabali ya Manga, huku nyuma mabonde yote ya Gusii yakionekana, kama alivyomwona rafiki yake mtandaoni. Rafiki yake alipigwa asubuhi. Tunapanda. Gauni jeupe, tope jekundu, wasimamizi wanne wamelishikilia kama watu wanaohamisha kochi. Tukifika juu, ukungu umefunika mabonde yote. Nyuma ya bibi harusi pamekuwa peupe kama ukuta wa studio yangu. Akaniuliza kwa nini tumekuja. Nikabonyeza. Shilingi.

Kisha kuna lugha. Kwetu sisi Abagusii, baba anaitwa tata, na mama ndiye anayeitwa baba. Mtu wa pwani akisikia hivyo hucheka, lakini hajawahi kupanga picha ya ukoo kwa Kiswahili mbele ya wazee. Nilipaza sauti, "Baba asogee kushoto kidogo!" Akasogea mama. Nikasema, "Hapana, baba!" Akasogea tena, safari hii kwa hasira, akaniuliza kama nataka aende hadi Kericho. Mzee mwenyewe alikuwa ametulia pale pale, hajui kama anatajwa.

Na kuna chinsoni. Hii ni ile heshima ya kuoneana haya kati ya mzazi na mwana, na hasa kati ya mkwe na mkwe. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawagusani wala hawakaribiani ovyo. Naijua tangu utotoni. Lakini mtu akishaweka jicho kwenye kamera huwa mpumbavu kidogo, huona nafasi tu. Niliona nafasi. Nikasema, "Mzee, sogea, mshike mkweo bega, mtabasamu." Uwanja mzima ukanyamaza, hata spika nadhani zilinyamaza. Shangazi mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kijana, wewe ni wa wapi?" Mimi ni wa hapo ng'ambo ya mto, nyumba yetu ilikuwa inaonekana!

Tangu siku hiyo napiga ukoo wote ukiwa umetawanyika kama miche ya migomba, kila mtu na heshima yake katikati, na ili wote waingie imenibidi kununua lenzi pana ya shilingi 45,000. Mila ni nzuri sana, nitaitetea popote. Lakini mjue chinsoni kwangu ina risiti.

Wenye simu nisiwaseme sana. Tangu simu zianze kuuzwa kwa kulipia shilingi 20 kwa siku, kila shangazi ni kameramani. Pete inavishwa, mbele yangu kuna viganja kumi na vioo kumi vinawaka. Wiki tatu baadaye naulizwa mbona pete haionekani. Inaonekana, mama. Iko ndani ya simu ya dadako, ndani ya picha yangu.

Basi narudi na picha 2,000, stima inapotea, inarudi usiku wa manane, naamka kuhariri. Nachagua 300 zilizo nzuri. Ujumbe unaingia: "Tutumie zote." Namweleza kuwa zilizobaki ni za watu wamefumba macho, za sahani, za mgongo wa mchungaji. "Tutumie tu zote, ni zetu." Halafu ndizo hizo hizo zinazowekwa mtandaoni, ile ya mtu ana pilau mdomoni, na chini yake jina langu la biashara, ili nijulikane. Nimeambiwa mara nyingi kuwa kazi fulani haina pesa lakini nitajulikana. Hapa Keroka tayari najulikana. Ninajulikana hasa na mwenye duka ninakokopa mkate.

Maombi ya kuhariri nayo yana vituko. Nipunguze tumbo. Niongeze nywele za bwana harusi mbele, nizitoe nyuma. Nimwondoe huyu wa shati la maua, tulikosana Jumatatu. Lakini la mjomba wa Minnesota ndilo nisiloweza kulisahau.

Minnesota ni huko Marekani ambako wana wa Gusii wamehamia kwa wingi hadi wana makanisa yao wenyewe. Mjomba huyu hakuja harusini lakini ndiye aliyetuma mchango mkubwa kuliko wote, kwa hiyo kamati ikaamua lazima awemo kwenye picha ya ukoo, na awe katikati. Nikatumiwa picha yake. Ilipigwa mwezi wa Januari. Mjomba amevaa koti la theluji hadi magotini, kofia ya manyoya imeziba masikio, na nyuma kuna gari lililozikwa na barafu nusu. Nilikaa naye siku mbili kwenye kompyuta. Nilimtoa kwenye barafu, nikamsimamisha kati ya migomba, nikampa kivuli. Koti sikuweza kumvua, maana sikujua ndani kuna nini. Leo picha hiyo imetundikwa sebuleni mwa watu: ukoo mzima umevaa mikono mifupi kwenye jua, na katikati mtu mmoja amejifunika kama anayengoja basi kwenye Ncha ya Kaskazini. Wageni huuliza kama anaumwa.

Nilipodai salio, kamati ikasema tafadhali msumbue mjomba, yeye ndiye mwenye pesa. Nikamtumia mjomba ujumbe kwa heshima zote. Akanijibu, "Mimi nilituma kwa kamati."

Kudai deni ni kazi ya pili, haina mshahara na ina nauli. Katika vilima vyetu vya majani chai kuna neno moja linalofunga kila mazungumzo: bonasi. "Bonasi ikitoka, kameramani, wewe ndiye wa kwanza." Bonasi hutoka mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi hivi. Mtu ameoa mwezi wa kumi na mbili. Nami nikifika mwezi wa kumi nakuta foleni: karo, mbolea, fundi wa mabati, mwenye duka, na mimi nyuma kabisa na kibegi changu. Na ya upande wetu si kama ile ya wenzetu wa Mlima Kenya, ambayo husifiwa redioni. Yetu ikitangazwa wakulima huandamana. Sasa nitamkaba nani shati? Mtu ameuza majani mwaka mzima akapata kidogo, mimi nimebonyeza mwaka mzima nikapata chake kidogo.

Kuna aliyenilipa kwa mawe. Huyu ni fundi wa kuchonga wa Tabaka, ambako ndiko yanakotoka yale mawe laini ya Kisii yanayouzwa kwa watalii hadi Mombasa. Nilimdai 7,000. Akaja mwenyewe, mtu mwaminifu, amebeba gunia. Akatoa viboko watatu wa mawe, wamesuguliwa wanang'aa, akaniambia kila mmoja Nairobi ni 3,000, kwa hiyo chenji ya 2,000 ananisamehe. Kiboko mmoja anazuia mlango upepo ukivuma. Mmoja anakalia risiti. Wa tatu nilimpelekea mwenye nyumba badala ya kodi, akamtazama, akamrudisha akasema kwake hakuna mto.

Anayelipa kwa simu naye ana yake. Namwambia mteja, "Tuma 500, na ya kutoa." Kutoa 500 kwa wakala wa M-Pesa ni shilingi 29. Hizo 29 huleta mjadala mrefu kuliko zile 500. Mtu aliyechinja ng'ombe wawili ananiuliza kwa nini anilipie ya kutoa, kwani mimi siwezi kwenda kununua kitu kwa simu moja kwa moja? Naweza. Lakini mama wa mandazi nje ya studio anataka pesa ya mkononi, na yeye pia ananidai.

Serikali peke yake ndiyo iliyonionea huruma. Ile kodi ya mauzo iliyopandishwa Julai 2023 kutoka asilimia 1 hadi 3 humpata mwenye mauzo yanayozidi shilingi milioni moja kwa mwaka. Mimi, kwa msaada wa wateja wangu, sijawahi kuukaribia mtego huo.

Nilijaribu na sheria. Bwana harusi mmoja aliniambia, "Picha ni zangu, sura si ni yangu?" Nikasema leo tutaonana. Nikaenda nikaitafuta Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, nikaisoma usiku nikiwa na imani kubwa. Nikakuta inasema kazi ikiwa imeagizwa na mtu, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa kama kuna makubaliano ya kusema vinginevyo. Nikaifunga polepole. Sura ni yake, picha ni yake, na sheria ni yake. Mimi changu ni kidole.

Asubuhi nikaandika mkataba. Ukurasa mmoja, Kiswahili safi, nimeweka na nafasi ya kutia sahihi. Mteja wa kwanza kuuona, mama mmoja mkarimu sana ambaye mwanawe nilisoma naye, aliusukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayeondoa mdudu mezani. "Mwanangu, kwani tunauziana shamba?"

Sasa niwaambie habari za mzee mmoja.

Miaka mitatu iliyopita nilipiga picha kwenye sherehe ya mjukuu wake aliyefuzu chuo. Mzee alikuwa amekaa chini ya mparachichi, kofia ameiweka gotini. Nilibonyeza mara tatu. Ya kwanza amefumba macho. Ya pili anamfokea mtoto aondoe ndama. Ya tatu ndiyo: anaanza kucheka, bado hajacheka, mkono umeshika ukingo wa kofia na mishipa yote ya kiganja inaonekana kama mizizi. Mimi nikajidanganya. Nikaichapisha kubwa, nikaitia fremu kwa pesa zangu, nikamngoja apite. Akapita.

"Tata, picha yako hii. Ni 1,500 tu."

Akaiangalia kwa muda. "Ni mimi huyu?"

"Ni wewe."

"Sasa ya nini, na mimi mwenyewe niko hapa?"

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Nikaitundika ukutani kama tangazo. Kila akishuka sokoni alichungulia mlangoni akajisalimia kwa Ekegusii, akajiuliza kama bado yupo, akaenda zake akicheka. Miaka miwili alifanya hivyo na hakuwahi kuuliza kama bei imeshuka.

Juni mwaka jana, alfajiri, Probox ilisimama nje. Walikuwa wanawe wawili. Nyumbani hapakuwa na picha nyingine ila ile ya kitambulisho, ambayo mtu hupigwa kana kwamba amekamatwa. Walitaka hii. Iwe juu ya jeneza, iwe kwenye kijitabu cha wasifu, iwe kwenye bango la barabarani. Nikaishusha, nikaifuta vumbi, nikasema 1,500. Mkubwa akaniangalia.

"Ndugu yangu. Wakati huu?"

Nikanyamaza.

"Kamati ya mazishi inakaa Jumanne," akasema mdogo.

Mazishi nilienda, na kamera sikubeba. Wanasiasa watatu walipiga picha na watu wao wakiwa wamesimama kando ya ile fremu, kila mmoja ameinamisha kichwa kwa upande uleule. Wiki iliyofuata wanawe wakairudisha. Mama hawezi kukaa nayo nyumbani, walisema, inamliza kila akiamka. Na kwa kuwa wameirudisha, wakaongeza, basi hakuna deni. Kwenye kioo kulikuwa na matone ya mvua yaliyokauka.

Nimeitundika pale pale. Siku za soko mama huyo hupitia hapa na kikapu chake cha ndizi, anasimama mlangoni haingii, anaangalia kidogo, anaenda. Bei sijamtajia.

Wadaiwa waliobaki sina huruma nao. Mwalimu wangu wa kazi hii, enzi za filamu ya picha 36 wakati kila mbonyezo uliheshimiwa na kijiji kizima, alikuwa na dawa: picha isiyolipiwa aliitundika dirishani kichwa chini, mji mzima uone. Kabla ya jioni shangazi wa mtu alikuwa amekuja na pesa amezifunga kwenye kitambaa. Nami nikataka kufanya hivyo. Kumbe siku hizi kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na haina mzaha: mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mkahawa mmoja shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja wake. Nikipigwa faini ya namna hiyo nitailipa kwa viboko wangapi?

Kwa hiyo nimefanya linaloruhusiwa. Ukiingia studioni utaona fremu 12 ukutani. Fremu 11 zimegeuzwa, zimeupa mlango kisogo, na nyuma yake nimeandika salio kwa chaki. Moja tu ndiyo inayoangalia nje. Ikiwa ulioa Desemba iliyopita, na sebuleni kwako pana msumari usio na kitu, njoo uitambue yako kwa tarakimu. Kama mvua inakuzuia, tuma kwa simu. Na ya kutoa.